Jinsi ya kuandika historia ya kijiji cha wakwe zako Ukraine: mfano wa Trypillia

Mwongozo huu ni wa wenzangu tuliokwenda kusoma Kyiv, Kharkiv, Vinnytsia au Poltava, tukapata wenza hukohuko, na leo tuna watoto ambao nusu ya ukoo wao iko kijijini wasikokujua. Wanangu wanaijua Muheza vizuri. Wanajua shamba la babu linaanzia wapi, nani ni mjomba na nani ni shangazi, na ugomvi wa mipaka ulianza lini. Upande wa baba yao walikuwa na jina moja tu, Trypillia, na picha za bibi yao amesimama katikati ya matuta ya viazi. Sikuona haki mtoto awe na upande mmoja wenye hadithi na upande wa pili wenye picha tu, ndipo nikaanza kukusanya. Hapa nakueleza njia niliyoifuata, na kila hatua nakuonyesha nilichokipata Trypillia ili uone kinachowezekana kwa kijiji chenu.

Utaratibu wangu ni huu: ardhi kwanza, kisha makaratasi, na wazee wakati wote. Wengi huanza na wafalme na vita, wakaishia kuandika historia ya Kyiv na Moscow, kijiji chenyewe kikatajwa mara mbili pembeni.

Hakikisha ni kijiji kipi

Ukraine ina Ivanivka nyingi, Mykolaivka nyingi na Oleksandrivka nyingi. Ukiambiwa bibi ni wa Ivanivka, bado hujaambiwa kitu. Tafuta mambo matatu ya leo: mkoa, wilaya, na hromada, yaani kundi la vijiji na miji midogo vilivyo chini ya halmashauri moja. Halafu tafuta hayohayo ya zamani, kwa sababu mipaka imehamishwa mara nyingi. Julai 2020 wilaya za Ukraine zilipunguzwa kutoka 490 hadi 136, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1950 huenda kinataja wilaya ambayo haipo tena. Trypillia ya leo iko mkoa wa Kyiv, wilaya ya Obukhiv, hromada ya Ukrainka. Kabla ya mapinduzi ya 1917 ilikuwa katika jimbo la Kyiv la dola ya Urusi, na hati za wakati ule utazitafuta kwa anwani hiyo.

Andika kila namna ambayo jina limewahi kuandikwa. Kwa Kiukraine ni Трипілля, kwa Kirusi Триполье, na katika vitabu vya kale vya matukio ya Rus, dola ya zamani ya Kyiv, ni Trepol. Kwa herufi zetu jaribu Trypillia, Trypillya, Tripolye na Tripolie. Usipofanya hivyo, mtandao utakuletea Tripoli ya Libya. Majina ya watu nayo yana mambo hayohayo: Hrytsenko wa leo atatokea kama Gritsenko kwenye hati zilizosomwa kwa Kirusi, na mtu ni yuleyule. Na kama kijiji chenu kiliwahi kubeba jina la Lenin au la mkubwa mwingine wa Kisovieti, kuna uwezekano mkubwa kilibadilishwa jina baada ya sheria ya mwaka 2015. Majina yote mawili yaandike.

Isome ardhi

Fungua picha ya satelaiti, ufuate mto. Trypillia imekaa ukingo wa kulia wa Dnipro, kilometa 40 na ushei kusini mwa Kyiv. Ukingo wa kulia umeinuka vilima. Ule wa kushoto ni tambarare mpaka jicho linachoka. Aliyekaa kilimani aliona mashua zinazoshuka na kupanda mtoni, akaona pia vumbi la wapanda farasi wakiwa bado mbali. Ndiyo sababu watu wamekuwa wakikaa hapo tangu kale, na ndiyo sababu pamejengwa ngome zaidi ya mara moja. Kaskazini ya kijiji Mto Stuhna unaingia Dnipro, na kijito cha Krasna kinapita kijijini.

Vilima vyenyewe ni vya lösi, udongo laini wa manjano ulioletwa na upepo enzi za barafu. Maji ya theluji inayoyeyuka huukata kirahisi, kwa hiyo kijiji kimechanwachanwa na makorongo, na njia ya kutoka nyumba hadi nyumba huzunguka kuliko unavyodhani ukitazama ramani. Ukifika, teremka kwenye korongo mojawapo uutazame ukuta wake. Chini ni manjano tupu, gumu ukiligusa likiwa kavu. Juu kuna tabaka jeusi, nene, limejaa mizizi na vijishimo vya wadudu, na ukilifinya linamumunyika na kuacha weusi kwenye mistari ya kiganja. Huo ndio chornozemu, udongo mweusi unaoifanya Ukraine ilishe nchi nyingine. Chukua picha ya ukuta huo uiweke ukurasa wa kwanza wa kazi yako. Mabwana wa Poland, tsari wa Urusi, Wasovieti na jeshi la Hitler wote waliutaka udongo huo, na mtoto akiuona ataelewa mengi yanayofuata.

Kisha weka ramani ya zamani kando ya ya leo. Kwa maeneo yaliyokuwa chini ya Urusi ipo ramani ya kijeshi ya karne ya 19 inayoitwa ya Schubert, kubwa kiasi cha kuonyesha makorongo na vinu. Kwa Galicia, magharibi mwa Ukraine, zipo ramani za upimaji wa jeshi la Austria, za kwanza zikiwa za karne ya 18. Ramani za jeshi la Kisovieti za kipimo cha 1:100 000 ni nzuri kwa karne ya 20. Zote zinapatikana bure mtandaoni.

Kwa Trypillia, kulinganisha huku kunaonyesha jambo ambalo hakuna mgeni angelijua. Dnipro ya zamani ilikuwa na matawi, visiwa na malisho ya bondeni yaliyofurika kila majira ya kuchipua. Miaka ya 1970 bwawa la umeme la Kaniv likajazwa, mto ukapanuka, na mabonde mengi yakazama. Mama mkwe akisimama kilimani hukuonyesha maji matupu na kukutajia majina: hapa tulikata nyasi za ng'ombe, pale palikuwa na mierebi, kule ndiko walikooga watoto. Majina hayo ya mahali palipozama yaandike kabla ya kitu kingine chochote, maana hayamo katika ramani ya leo. Dnipro ina msururu wa mabwawa, kwa hiyo kama kijiji chenu kiko kandokando yake, kuna uwezekano una kazi hiyohiyo. Kwa walio karibu na Kakhovka kazi imegeuka: bwawa lile lilibomolewa tarehe 6 Juni 2023 wakati wa vita, na ardhi iliyofichwa kwa karibu miaka 70 ikaonekana tena.

Majira yatoshe kwa aya moja. Theluji, kisha matope ya Machi ambapo gari halipiti njia isiyo na lami, viazi kupandwa mwezi wa Aprili na Mei, ngano kuvunwa Julai, alizeti na viazisukari mwishoni, kisha matope tena. Mtoto wa Muheza anayejua masika na vuli ataelewa upesi.

Watawala: wapange ili ujue pa kutafuta

Sehemu hii ina kazi moja tu, kukuambia karatasi ziko wapi na kwa lugha gani. Usiitanue.

Trypillia inaanza kama ngome ya Rus ya Kyiv katika mstari wa Stuhna, mstari uliowekwa kuwazuia wahamaji wa nyika. Mei 1093 wakuu wa Rus waliuvuka Stuhna ukiwa umefurika, wakaipita Trepol, wakakutana na Wakumani, wahamaji wa nyika, na kushindwa vibaya. Rostyslav, mkuu kijana wa Pereiaslav, alizama mtoni wakati wa kukimbia. Nilipowasimulia wanangu kwamba kijana wa miaka 20 na kitu alikufa maji katika mto ambao baba yao alivulia samaki, karne ya 11 iliacha kuwa namba.

Karne ya 14 nchi ya Kyiv iliingia mikononi mwa Lithuania. Mwaka 1569, kwa Muungano wa Lublin, ikahamishiwa Poland. Mwaka 1648 Makosaki, wapiganaji huru wa nyika, wakiongozwa na Bohdan Khmelnytsky, wakainuka dhidi ya Poland. Kisha inakuja habari ninayoipenda kuliko zote katika sehemu hii. Urusi na Poland ziliigawana Ukraine kwa kufuata Dnipro: kushoto Urusi, kulia Poland. Trypillia iko kulia, basi ungedhani ilikuwa ya Poland. Haikuwa. Mkataba wa mwaka 1686 uliiachia Moscow mji wa Kyiv pamoja na kipande cha ardhi cha ukingo wa kulia, na Vasylkiv, Trypillia na Stayky zimo katika kipande hicho. Kwa zaidi ya karne moja, hadi Poland ilipogawanywa tena mwaka 1793, Trypillia ilikuwa upande mmoja wa mpaka, na vijiji ambavyo mtu angeweza kuvifikia kwa miguu vilikuwa upande wa pili. Maana yake kwa mtafutaji ni kubwa. Kwa kijiji cha upande wa Poland utahitaji hesabu za mabwana zilizoandikwa Kipolandi, na vitabu vya makanisa yaliyokuwa chini ya Papa. Kwa Trypillia unatafuta kanisa la Kiorthodoksi na nyaraka za Makosaki.

Wakwe wa Galicia, yaani Lviv, Ternopil na Ivano-Frankivsk, wao walikuwa chini ya Austria tangu 1772 hadi 1918, kisha Poland hadi vita vya pili. Vitabu vyao vya ubatizo viko kwa Kilatini kwa sehemu kubwa, na mlango wenu ni hifadhi kuu ya kihistoria ya Lviv. Vijiji vingi vya nyika ya kusini ni vichanga zaidi, vilianzishwa baada ya Urusi kuiteka nyika ile karne ya 18.

Kilichozikwa chini

Si kila kijiji kina sehemu hii, lakini ukiulizia utashangaa. Trypillia imekipa jina lake utamaduni mzima wa kale. Vikentiy Khvoika, mwanaakiolojia mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Kyiv, alichimba maeneo ya Trypillia na jirani zake Khalepia na Veremia miaka ya 1890, akatoa vyungu vilivyochorwa duara za kujizungusha, sanamu ndogo za wanawake, na sakafu za udongo wa nyumba zilizoungua. Mwaka 1899 aliyawasilisha kwenye mkutano mkuu wa wanaakiolojia mjini Kyiv. Wakulima hao waliishi kati ya miaka 5,500 na 2,750 hivi kabla ya Kristo, kutoka Romania ya leo, ambako utamaduni uleule unaitwa Cucuteni, hadi Dnipro.

Hapa uwe makini. Ukisoma juu ya makazi makubwa ya watu hao, yenye nyumba mamia kwa mamia zilizopangwa kwa mizunguko, hayo ni Talianky, Maidanetske na Nebelivka, mbali kusini. Usiyahamishie Trypillia kwa sababu ya jina. Andika kilichopatikana hapo, utaje na makumbusho ya akiolojia yaliyopo kijijini. Vigae vya vyungu bado hujitokeza watu wakilima bustani. Ukikiokota kimoja, piga picha, andika mahali, ukipeleke makumbusho. Usikipakie begini kuja nacho nyumbani. Sheria inakataza kutoa mali ya kale nje ya nchi, na kigae kisichojulikana kilikotoka hakimwambii mtu kitu.

Makaratasi

Kabla ya mapinduzi hapakuwa na ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo vya kila mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya kanisa. Kitabu cha parokia kina sehemu tatu: waliozaliwa, waliooana, waliokufa. Kila mstari wa ubatizo unataja mtoto, wazazi, hali yao (mkulima, Kosaki, askari) na wadhamini. Wadhamini usiwaruke. Mara nyingi ni ndugu au jirani wa karibu, na ukifuata majina yao unaona kijiji kilivyoshikana. Jina la pili la kila mtu linatokana na baba yake, Ivan Petrovych ni Ivan mwana wa Petro, jambo ambalo sisi tuliozoea fulani bin fulani na binti fulani hatuhitaji kufundishwa, na linarahisisha sana kupanda ngazi za ukoo.

Vitabu vya jimbo la Kyiv viko kwa wingi katika hifadhi kuu ya kihistoria ya Ukraine mjini Kyiv, fungu la 127, ambalo ni la ofisi ya kanisa ya Kyiv. Vingine viko hifadhi ya mkoa. Kila jalada lina namba tatu, fond (fungu), opys (orodha) na sprava (jalada lenyewe), ambazo ndizo anwani yake. Ziandike kila unapopata kitu, hata kama ni mstari mmoja, maana kulitafuta tena jalada bila namba ni kupoteza wiki. Picha nyingi za majalada sasa ziko mtandaoni, kwenye tovuti za hifadhi zenyewe na kwenye FamilySearch, ambako ukijisajili husomi kwa malipo.

Katika hati za dola ya Urusi, tarehe zote za kabla ya 1918 ni za kalenda ya zamani. Ongeza siku 12 kwa karne ya 19 na 13 kwa karne ya 20. Mwandiko ni wa Kirusi cha kabla ya mageuzi, wenye herufi kama ѣ ambazo hazitumiki tena. Kinachosaidia ni kuanza na kitabu cha mwisho, cha miaka ya 1910, ambapo majina unayajua tayari, kisha kurudi nyuma mwaka hadi mwaka huku jicho likizoea.

Kwa kurudi mbali zaidi zipo hesabu za walipa kodi zinazoitwa reviziyi, 10 kwa jumla katika dola ya Urusi kati ya 1719 na 1858, zenye orodha ya kila kaya. Kwa nchi ya Makosaki iko pia hesabu kubwa ya Rumyantsev ya miaka ya 1765 hadi 1769, ambayo inataja nyumba, mifugo na ardhi. Na kwa jimbo la Kyiv tuna bahati ya pekee: Lavrentii Pokhylevych alitoa kitabu mwaka 1864 kinachopita kijiji hadi kijiji, kikitaja idadi ya watu, kanisa na mmiliki. Mwaka huo ni miaka mitatu tu baada ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana kuachiwa huru, kwa hiyo kinakupa picha ya kijiji kikiwa ndiyo kwanza kinafungua macho.

Kwa karne ya 20 yapo majuzuu 26 ya miji na vijiji vya Ukraine yaliyotolewa 1967 hadi 1974 chini ya uhariri wa Petro Tronko. Yana mengi ya kufaa juu ya shule, vinu na mashamba. Yaliandikwa chini ya utawala wa Kisovieti, na yale ambayo utawala haukutaka yasemwe hayamo. Njaa ya 1933 haimo. Ndiyo maana hatua inayofuata haiwezi kurukwa.

Wazee

Hapa ndipo weka muda wako mwingi, na usisubiri likizo ijayo.

Mzee wa kijiji haitwi kwa jina tupu. Mwanamke mtu mzima mwite kwa jina lake na la baba yake, kama vile Mariie Petrivno. Jirani mliyezoeana anaweza kuwa titko, shangazi. Aliyezeeka sana ni babusiu kwa watoto na kwa wajukuu wakwe. Ukienda nyumbani kwa mtu, peleka kitu cha mezani, na ukae ule ulichoandaliwa. Usitoe kinasa sauti kabla chai haijanywewa, na omba ruhusa ukikitoa.

Anza na vitu. Muulize juu ya pishi la chini ya ardhi wanakohifadhia viazi na mitungi ya matango: nani alilichimba, lilikuwa upande gani kabla nyumba haijajengwa upya? Juu ya jiko kubwa la udongo ambalo watoto walilala juu yake. Juu ya ng'ombe: aliitwaje, alilishwa wapi? Mtu anayesema kwamba hakumbuki chochote atakueleza ng'ombe wake kwa nusu saa, na ndani ya habari ya ng'ombe mna kolhospi, shamba la pamoja la Wasovieti, mna kodi ya maziwa, mna vita.

Habari ya 1932 na 1933 huja kwa njia hiyo, ikiwa itakuja. Mama mkwe alizaliwa baada ya Holodomor, ile njaa kubwa, lakini mama yake aliipitia. Kila akimaliza kula anaupitisha ukingo wa kiganja kwenye kitambaa cha meza, polepole, kutoka pembeni kuja kwake, chembe zote za mkate zinaingia kwenye mkono wa pili, na anazila. Hasemi neno. Wanangu walipomuuliza baba yao kwa nini bibi anafanya vile, ndipo mlango ulipofunguka, na yeye mwenyewe akaanza kusimulia alichokisikia kwa mama yake: vijana wa brigedi waliokuja na vyuma virefu vyenye ncha kuchoma sakafu na bustani wakitafuta nafaka, kinu cha mkono kilichovunjwa ili watu wasisage hata kiganja cha ngano, na kaya zilizonusurika kwa kuwa zilibaki na ng'ombe.

Weka simulizi kando ya yanayojulikana. Agosti 1932 ilitoka amri ya kumfunga au hata kumwua mtu kwa kuchukua mali ya shamba la pamoja, na watu walifungwa kwa masuke machache ya ngano. Januari 1933 wakulima wa Ukraine walizuiwa kuondoka kwenda kutafuta chakula kwingine. Wataalamu wa takwimu za watu wa Ukraine wanakadiria waliokufa kuwa karibu milioni 3.9, na mkoa wa Kyiv wa wakati ule ni miongoni mwa ulioumia zaidi. Mwaka 2006 bunge la Ukraine liliitambua kwa sheria kuwa ni mauaji ya kimbari. Vitabu vya kumbukumbu vyenye majina ya waliokufa vilitolewa mwaka 2008 kwa kila mkoa ulioathirika, vimepangwa kwa wilaya na vijiji. Tafuta ukurasa wa kijiji chenu na usome kila jina, siyo la ukoo wenu peke yake. Orodha hizo hazikukamilika, kwa sababu vitabu vingi vya vifo vya miaka hiyo vilipotea na watu wengine hawakuandikwa kabisa. Kwa hiyo jina ambalo bibi analo na kitabu hakina, liandike, ukitaja aliyelisema na yeye alilisikia kwa nani. Jumamosi ya nne ya Novemba watu huwasha mshumaa dirishani saa 10 jioni. Sisi tunauwasha Muheza pia.

Ukiuliza juu ya vita, uliza majina. Kyiv ilitekwa na Wajerumani Septemba 1941 na ikakombolewa Novemba 1943, na katika miaka hiyo zaidi ya watu milioni 2 walichukuliwa kutoka Ukraine kwenda kufanyishwa kazi Ujerumani, wengi wao wasichana na wavulana wa vijijini. Karibu kila kijiji kina mnara wenye majina ya askari waliokufa. Waliopelekwa Ujerumani mara nyingi hawana mnara, hata waliorudi, kwa kuwa Wasovieti waliwatilia shaka. Swali la nani alipelekwa Ujerumani humpata mtu karibu katika kila ukoo.

Habari yenye pande mbili

Karibu kila kijiji kina tukio ambalo watu hawalisimulii kwa namna moja. Trypillia tukio hilo ni la 1919. Danylo Terpylo, mzaliwa wa kijiji hicho aliyejulikana kama otamani (kiongozi wa wapiganaji) Zelenyi, aliongoza wakulima dhidi ya Wabolsheviki. Mwezi Julai watu wake waliliangamiza kundi la vijana wa Komsomol, umoja wa vijana wa Kikomunisti, lililotoka Kyiv. Wasovieti waliliita janga la Trypillia, wakawajengea vijana wale mnara, na watoto wa shule waliletwa huko miaka na miaka. Baada ya 1991 wengi walianza kumtaja Zelenyi kama mpigania uhuru wa Ukraine. Na kuna upande wa tatu: Wayahudi wa miji midogo ya eneo hilo walishambuliwa na kuuawa mwaka huohuo, na vikosi vya Zelenyi vilikuwa miongoni mwa waliowashambulia. Yaandike yote matatu, kila moja na msemaji wake. Mimi sikubali kumpa mtoto shujaa asiye na doa wakati makaburi yanasema vingine.

Kolhospi, mtambo, na leo

Wasovieti walizichukua ardhi na mifugo, wakaviweka katika mashamba ya pamoja, kolhospi. Mtu wa kijijini alilipwa kwa siku za kazi, mara nyingi kwa nafaka, na hakuwa na pasi ya kumruhusu kuhamia mjini apendavyo. Amri ya kuwapa wakulima wote pasi ilitoka mwaka 1974. Muulize mzee alipata pasi yake lini. Jibu la swali hilo dogo linaeleza kwa nini kaka mmoja alibaki na mwingine akaondoka kupitia jeshi.

Jirani kabisa na Trypillia, mwishoni mwa miaka ya 1960, kilianza kufanya kazi kituo cha umeme wa makaa ya mawe, na mji wa Ukrainka ukakua kwa ajili ya wafanyakazi wake. Vijana waliacha kolhospi wakaenda mtamboni. Kituo kilifikia megawati 1,800, kikawa kikubwa kuliko vyote vya makaa ya mawe mkoani Kyiv. Tarehe 11 Aprili 2024 makombora ya Urusi yalikiharibu chote. Moshi wake ulionekana kutoka bustani ambamo wanangu waliwahi kuokota cheri, na siku ile baba yao hakuweka simu chini mpaka mama yake alipopokea.

Baada ya uhuru wa 1991 ardhi ya kolhospi iligawanywa hisa kwa waliofanya kazi humo, lakini kuiuza kulizuiwa mpaka soko lilipofunguliwa Julai 2021. Ukitaka kujua shamba la bibi ni lipi, uliza hisa yake iko wapi na nani anaikodi. Swali hili uliza kwa upole, na mkeo au mumeo akiwepo. Mkwe anayepima mashamba hupokelewa vibaya kila mahali.

Kuandika na kurudisha

Andika kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa msomaji wako ni mtoto wako. Majina ya mahali na ya watu yaache kwa Kiukraine, pamoja na herufi zake mara ya kwanza. Kila sentensi iwe na alama ya ilikotoka: K kwa karatasi, M kwa mzee, R kwa ramani, na chini ya ukurasa namba za jalada au jina la aliyesimulia. Mambo mawili yakipingana, yaache yapingane.

Wakati huu wa vita, usichapishe hadharani picha za mitambo ya umeme, madaraja, vituo vya askari au mahali kombora lilipoangukia, hata kama umezipata ukiwa unatafuta mengine. Ukraine ina sheria inayomwadhibu anayesambaza habari za mahali jeshi na silaha zilipo. Taarifa za jamaa walio hai pia ziwe za nyumbani tu.

Ukimaliza, mwombe mwenzi wako akusaidie kutafsiri nakala kwa Kiukraine, uitume kwenye maktaba au shule ya kijiji na kwa starosta, mwakilishi wa kijiji katika hromada. Acha nafasi pana pembeni mwa kila ukurasa, na uandike juu kwamba unaomba kusahihishwa. Yangu ilirudi imejaa wino wa bluu wa mikono mitatu tofauti, na jina la malisho moja lililozama limesahihishwa na wote watatu kwa namna tatu.